Ndugu, hizo parasetamoli nne ziweke chini kwanza

Umeuliza ni vyakula na virutubisho gani vitakavyolinda ini lako utakapokwenda Moshi kwa Krismasi, na kama mbege ina nafuu kuliko bia, kisha ukagusia kama jambo dogo kwamba kila ukinywa humeza parasetamoli nne ili uamke bila kichwa kuuma. Hayo mengine yasubiri, kwa sababu parasetamoli juu ya pombe ndiyo iliyonilaza wodini.

Nilikuwa Kibosho kwenye arusi ya binamu yangu, siku tatu kata ya mbege haikutoka mkononi huku machalari yakinipita bila kuguswa. Siku ya tatu kichwa kiligoma, nikawa nameza viwili viwili tangu alfajiri, na usiku nilipopapasa mfukoni nikakuta karatasi moja ya vidonge kumi ni tupu na ya pili imebaki na vitatu. Vidonge 17 vya miligramu 500 ni gramu 8.5, wakati mtu mzima hatakiwi kuzidi gramu 4 kwa siku.

Ini hujikinga kwa glutathioni, kinga ambayo lenyewe huitengeneza kutokana na protini tunayokula. Pombe huipunguza akiba hiyo, njaa huikausha zaidi, na unywaji wa mara kwa mara huongeza kimeng'enya kinachogeuza sehemu ya parasetamoli kuwa sumu. Glutathioni ndiyo ingeizima sumu hiyo. Isipokuwepo, seli za ini ndizo zinazoumia. Macho yangu yakawa rangi ya ndizi mbivu, nami nikaisingizia taa ya sebuleni. Daktari alinitundikia dripu ya asetilisisteini, inayoupa mwili malighafi ya glutathioni, akanigombeza kwamba hufaa zaidi ikianza ndani ya muda wa saa 8 tangu kumeza.

Na yule muuza virutubisho wa stendi, aliyeniuzia kopo la beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza vitamini A, akiapa kwamba sasa ninywe nitakavyo, Mungu anamwona. Utafiti wa Finland uliotolewa mwaka 1994 ulionyesha kwamba wanaume wavutaji sigara waliopewa miligramu 20 kila siku walipata saratani ya mapafu zaidi, na baadaye ikaonekana madhara yalikuwa makubwa kwa wanywaji.

Parachichi na mchicha kula tu. Ukishakunywa, kula mtori, kunywa maji, ulale na kichwa chako hivyo hivyo, parasetamoli usiiguse. Sasa nijibu: hizo nne za jana ulizimeza saa ngapi, na tangu hapo umeongeza nyingine?