Rangi za modeli: jua kwanza kiyeyushi chake

Kabla hujafungua kichupa, jua rangi yako inakwenda na kiyeyushi gani, yaani kimiminika cha kuizimulia. Hilo ndilo ninalomsisitizia kila anayeanza kuunda modeli hapa Unguja, iwe ndege ya plastiki au jahazi la mti, maana kazi nyingi huharibikia hapo.

Rangi za akriliki za kampuni ya Tamiya, zile zenye alama ya X kwa za kung'aa na XF kwa zisizong'aa, zina alkoholi ndani yake. Kiyeyushi chake ni X-20A, lakini zinaikubali pia alkoholi ya isopropili. Hiyo mafundi simu huitumia kusafishia saketi, basi anza kuulizia kwao. Vallejo nazo huitwa akriliki, ila ni za maji. Ukizitia alkoholi zinavutana, zinakuwa nzito, na tundu la bomba la kupulizia linaziba. Humbrol za kikopo ni za mafuta, nazo hutaka waiti spiriti.

Tina ya rangi za magari, inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, iacheni huko huko. Ina ukali wa kutafuna plastiki ya modeli, ukapoteza mistari yote ya bawa uliyoilipia. Ukiwa na kiyeyushi usichokijua, kijaribu kwenye fremu iliyobaki baada ya kukata vipande. Ikinata au ikififia, jibu umelipata.

Kwa rangi za maji, msitumie maji ya kisima. Kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe, na maji yake mengi yana chokaa. Mengine yana chumvi. Vitu hivyo hubaki juu ya rangi ikishakauka. Nunua maji ya betri, ambayo ni maji yaliyosafishwa, lakini soma lebo vizuri, kwani asidi ya betri nayo huuzwa madukani.

Kipimo cha kuchanganya ndipo penye kazi. Kwa brashi, ongeza tone tone mpaka rangi ijilaze yenyewe bila kuacha michirizi. Kwa eabrashi, lile bomba dogo la kupulizia, Tamiya naanza nusu kwa nusu na kiyeyushi chake, kisha naangalia: rangi iwe nyepesi kama maziwa, iteremke ukingoni mwa kikombe ikiacha utando mwembamba. Upepo uwe pauni 15 hadi 20 kwa inchi ya mraba (PSI). Vallejo Model Air imeshazimuliwa kiwandani, kwa hiyo usiizimue kwa kukariri kipimo cha nyingine.

Halafu kuna hewa yetu. Wakati wa kaskazi, joto hukausha akriliki kwenye ncha ya sindano kabla haijatoka. Ongeza kiyeyushi kidogo na matone ya kichelewesha kukauka. Masika ni tabu zaidi kwa rangi za laka, aina nyingine yenye kiyeyushi kikali. Kiyeyushi chake kinaruka haraka na kuupoza uso wa modeli, unyevu wa hewani unaganda hapo, na rangi inatoka na ukungu mweupe. Mvua ikinyesha, mimi laka siigusi kabisa. Kipupwe ndio msimu wa kupuliza. Fungua madirisha, vaa barakoa yenye kichujio cha kaboni, na jiko liwe mbali.

Wanaounda majahazi, angalieni sana rangi ya chini ya chombo. Deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, haina weupe wa karatasi wala haing'ai. Changanya XF-2 nyeupe na tone la XF-57, ile ya kahawia hafifu. Sehemu ya juu ya chombo, mti uliopakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, una kahawia iliyokolea, na hapo rangi ya mafuta iliyozimuliwa sana hufaa kuliko akriliki, kwani inaingia ndani ya mti badala ya kuufunika. Paka hiyo kwanza, iache siku nzima au mbili ikauke, ndipo uzibe kwa utepe na kupaka deheni.