Sanamu ya karatasi ya mkono haishikwi na gundi

Je, sanamu ya karatasi iliyotengenezwa kwa mkono, hata ikichanganywa na kioo, inashikwa na gundi? Hapana, si gundi inayoishika. Ni nyuzi za mmea zenyewe: rojo (nyuzi zilizopondwa ndani ya maji) likikauka, selulosi (kitu kinachojenga nyuzi hizo) ya uzi mmoja inashikamana na ya mwenzake kwa bondi za hidrojeni, yaani mvutano kati ya molekuli zao. Mimi nilishawahi kupaka rojo la abaka (ile jamii ya mgomba), lililopondwa sana, juu ya fremu ya waya; lilivyokauka likasinyaa hadi waya ukapinda! Ndiyo maana ukichanganya karatasi na kioo kwenye sanamu moja ni salama zaidi kukausha karatasi pembeni kwanza, kwa sababu kioo hakisinyai nayo. Gundi inaweza kuingia hapo kwenye kuunganisha tu. Na kuhusu mazingira, nyuzi zitaoza, kioo hakiozi, ila kinayeyushwa upya.