Wiki ya mwisho kaa Shela, usihangaike

Ndugu yangu, umesema umezunguka Uganda, Rwanda na Ethiopia miezi 5 na begi mgongoni, sasa umebakisha wiki 1 ya bichi kabla ya kurudi Mbeya na waulizia kama uigawe kati ya Malindi na Lamu. Usigawe! Siku nzima itakuishia kwa basi kutoka Malindi mpaka Mokowe, gati ya bara, halafu boti ya kuvuka Lamu, na we ushachoka. Njoo Lamu moja kwa moja, chukua chumba Shela, kijiji cha ufukweni karibu na mji wa Lamu, pale mchanga waenda kama kilomita 12 na asubuhi maji yakipwa utaona nyayo zako tu na za kaa, ila hakuna kivuli kwa hivyo beba maji. Jioni tembea dakika 40 hivi hadi mjini ukale mkate wa mofa wa moto na samaki wa kupaka. Jahazi ukitaka, patana bei kabla hujapanda.