Mkataba Kwanza, Sampuli Baadaye

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa uzamivu aliniandikia akiomba ushauri: maabara ya Ulaya inamtaka apeleke sampuli zake zote za udongo pamoja na jedwali la vipimo, na ameahidiwa kwa barua pepe tu kwamba jina lake litatajwa. Niliusoma ujumbe ule mara mbili, kwa sababu ahadi kama hiyo niliwahi kupewa mimi.

Nilikuwa mhadhiri kijana. Kwa miezi minane nilizunguka kingo za maziwa ya magadi nikichota tope katika vichupa, kila kimoja nikikiandika kwa wino usiofutika, kisha nikavipakia kwenye boksi la barafu na kutuma pia jedwali lenye latitudo na longitudo za kila mahali nilipochota. Miaka miwili baadaye makala ikatoka, nami nikajikuta katika mstari wa shukrani. Chuo hakikuweza kudai lolote, kwani hapakuwa na karatasi yenye sahihi. Bado inaniuma.

Wala sikuwa wa kwanza. Vijidudu vilivyochukuliwa mwaka 1992 katika maziwa ya magadi ya Kenya, likiwemo Bogoria, vilitoa vimeng'enya (enzimu) vya kufifisha rangi ya jinzi, na ilipofika 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likadai sehemu ya mapato yaliyotokana navyo.

Wapo walionishauri niachane kabisa na wageni. Nilikataa, maana mashine ya kusoma vinasaba niliyoihitaji haikuwepo chuoni kwetu. Mwezi uliopita tumetia sahihi mkataba wa uhamishaji wa sampuli na chuo kingine cha nje: nusu ya kila sampuli inabaki kwenye friji letu, matumizi yake yameorodheshwa, kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, kimeambatishwa, na mwanafunzi wetu anasafiri nazo ili ajifunze uchambuzi. Majadiliano yalichukua miezi mitano na sikulegeza kifungu hata kimoja.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usitume chochote kabla ya sahihi. Kama zipo taarifa za watu, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Jedwali nalo usilitume, kwa kuwa nalo ni mali kama tope lenyewe. Mshirika mwema hachukii kuulizwa. Mwandikie leo umwombe rasimu ya mkataba, na nakala yake imfikie mwanasheria wa chuo kabla hujafungua friji.