Mkono wa mama unatetemeka akipaka wanja

Habari dada. Umeuliza kama uagize HAPTA ya Lancôme, kifaa cha kumsaidia mwenye mkono usiotulia kujipodoa, ije Kigoma, maana mkono wa mama hautulii akipaka wanja. Kifaa hicho, kilichotangazwa Januari 2023, kilianza na rangi ya mdomo, si wanja, kwa hiyo usikikimbilie.

Angalia kwanza unene wa penseli. Ikiwa nyembamba, vidole huibana na mtetemo huzidi. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli (mafundi wa mtaa wa Mwanga wanazo), ioshe kwa sabuni, maana unga wake huwasha macho. Izungushie penseli ifikie unene wa kidole gumba, ukiacha sentimita 3 za ncha.

Kiwiko kikae mezani, kidole cha mwisho kiegemee shavuni. Apige nukta kisha aziunganishe. Mstari mrefu ndio unaoyumba. Mtetemo ukiwa mpya, mpeleke hospitali ya Maweni akapimwe.