Mzazi Asiyeona Asomeje Tangazo la Shule?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro na ndiye ninayesimamia tovuti ya shule. Mzazi mmoja asiyeona amenieleza kwamba simu yake humsomea kila kitu kwa sauti, lakini akifungua maelekezo yetu ya kujiunga na kidato cha kwanza, inanyamaza. Karatasi ile niliiskani mwenyewe na inaonekana vizuri. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu Mwalimu, karatasi iliyoskaniwa, hata ikihifadhiwa kama PDF, kwa kawaida ni picha tu. Programu ya kusoma skrini, kama TalkBack ya simu za Android, hutegemea herufi zilizochapwa, na pasipo na herufi haina cha kutamka. Chapa maelekezo hayo ndani ya ukurasa wenyewe: ada, sare, tarehe ya kuripoti. Nakala yenye muhuri na saini ya mkuu wa shule iwekwe chini yake kwa anayeihitaji.

Lipo kosa jingine ambalo tovuti nyingi za Kiswahili zinalo bila wenyewe kujua. Mwanzoni mwa kila ukurasa, katika msimbo usioonekana kwa msomaji, hutajwa lugha iliyotumika. Na kwa kuwa violezo vingi, yaani kurasa za mfano zinazotumika kujengea tovuti, vimetengenezwa kwa Kiingereza, pale hubaki "en" hata kama maandishi yote ni ya Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba programu huweza kutamka maneno yetu kwa kanuni za Kiingereza, "sare" ikapoteza silabi yake ya mwisho, na mzazi akaambulia sauti zisizo na maana. Badilisha iwe "sw". NVDA, programu ya bure ya kompyuta za Windows, huja na sauti ya Kiswahili. Itakuwa ni kuinyima kazi yake tukiacha kosa dogo kama hilo.

Picha nazo ziandikiwe maelezo mbadala, yaani maneno ambayo programu huyasoma badala ya picha, yanayosema kilichomo, kwa mfano "Wanafunzi wakifanya jaribio la kemia maabarani", si "picha 1". Kwa wenye uoni hafifu, epuka maandishi ya kijivu juu ya nyeupe: WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka 2023, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Video ya hotuba iwe na maandishi chini yake, na mawasiliano yasiishie kwenye namba ya kupiga, kwa sababu mzazi kiziwi anahitaji kutuma ujumbe.

Jambo hili si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unaitaja intaneti waziwazi katika ibara ya 9.

Ukimaliza, mwombe mzazi yule, akiridhia, atafute kiasi cha ada kwa simu yake huku wewe umekaa kando bila kumwelekeza. Pale atakapokwama ndipo pa kurekebisha.