Kama unaandika riwaya ya kijana anayeenda kuwinda mara ya kwanza, usiharakishe kuachia mshale

Vijana wengi wanaonitumia kazi zao nizisome wanapenda sana stori ya uwindaji wa kwanza na mimi nawaelewa kabisa, nimeandikia vijana miaka mingi na sijaona stori inayowashika kama ya mtoto anayeingia porini na watu wazima. Ila karibu zote zina ugonjwa mmoja: mshale unaachiwa mapema, mnyama anaanguka, watu wanashangilia, halafu mwandishi hana tena cha kusema anaanza kutuletea simba kila sura.

Ushauri wangu, mshale upige katikati ya kitabu. Stori yenyewe inaanza mnyama akishachomwa.

Chukua Wahadzabe, wale wawindaji wa Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania. Mtoto wa kiume kule anapewa kaupinde angali mdogo sana, anahangaika na ndege na pimbi karibu na kambi, kwahiyo usiniandikie kijana wa miaka 15 ambaye hajui kushika upinde, hapo umeshadanganya. Kwake uwindaji wa kwanza ni ile siku anafuatana na wakubwa kutafuta mnyama mkubwa. Hata mishale haifanani, ya ndege inachongwa mti mtupu, ya mnyama mkubwa ina kichwa cha chuma walichobadilishana na majirani zao Wadatoga kwa asali au nyama, na kimepakwa sumu ya mimea, mmojawapo ni adeniumu, huo huo wenye shina nene na maua ya pinki ambao wengine tunaupanda kwenye makopo nyumbani.

Sasa hiyo sumu haiui papo hapo, na hapa ndo utajiri wote ulipo! Mnyama aliyechomwa hakimbizwi, ukimkurupusha anaenda mbali zaidi, wanamwacha masaa sumu ifanye kazi, mara nyingi mwindaji anarudi kambini kwanza halafu wanatoka watu kadhaa kufuatilia nyayo. Fikiria kijana wako usiku huo. Mshale uliingia au ulikwaruza tu? Fisi wakifika kabla yao je? Asubuhi damu imeshakauka kwenye majani, nyayo za yule tandala aliyemchoma zimechanganyika na za wenzake, jua linapanda, mzee mmoja ameinama anaangalia mchanga na hasemi kitu, na kijana anaogopa kuuliza. Andika hapo taratibu, kurasa nyingi tu, kijana anayesoma hachoki na kusubiri kama anajua kinachosubiriwa.

Halafu nyama. Waandishi wengi wanairuka sijui kwanini. Kwa Wahadzabe kuna sehemu za mnyama mkubwa zinaitwa epeme, zinaliwa na wanaume waliofikia hadhi ya jina hilo hilo peke yao, na kwa kawaida kijana anaifikia akishaua mnyama mkubwa. Yaani jana alikuwa hatakiwi hata kusogea pale wanaume wanapokula, leo anaitwa. Mimi kilele cha kitabu ningekiweka hapo kabisa, kwasababu msomaji wa form two anajua vizuri sana maumivu ya kuambiwa we bado mdogo.

Ishu ya sheria nayo muiangalie jamani. Kama mhusika wako sio Mhadzabe, ni mtoto wa mjini kaenda likizo kwa mjomba mwenye gobole, jua kwamba Tanzania kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 na kuwinda bila kibali ni ujangili. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwahiyo stori ya Kenya ya leo lazima kijana awe anajua wanachofanya kinaweza kuwapeleka jela, au uirudishe nyuma kabla ya mwaka huo. Sheria isikukatishe tamaa, mtoto anayempenda mjomba wake na wakati huo huo anaogopa askari wa wanyamapori tayari ana mgogoro wa kumtosha kitabu kizima.

Na Kihadzabe usikitunge! Zile sauti za kugonga ulimi ni sehemu ya lugha kamili ya watu, kama hujamuuliza mwenyewe wa lugha bora wahusika waongee Kiswahili kizuri tu.

Ukimaliza sura ya nyayo wasomee watoto kwa sauti. Wakianza kukukatisha wakiuliza tandala kafa au hajafa usiwajibu, weka alama hapo hapo walipokukatisha, ndipo sura inapoishia.